Mikono ya Kipa Wetu

Leo nimefukuzwa kwenye matanga, na sijutii hata kidogo.

Tulitoka kuzika kipa wetu wa zamani, tukarudi kwake hapa Kamembe kunawa mikono, kama kawaida yetu. Muntu mwenye alizuia penalti zenye hata batoto ba juzi banazisimulia!

MC akashika mikro: "Ile mikono! Mungu alituazima ile mikono!"

Bantu bakapiga makofi. Kwenye matanga!

Kisha akaita mujane: "Maman Furaha, kuja unawe wa kwanza, utuambie ile mikono nyumbani ilikuwa namna gani."

Maman Furaha kimya.

Akamuita tena, mpaka mara ya tatu. Kimya.

"Ni huzuni," bakasema. "Alimupenda sana."

Huzuni gani?! Sisi majirani tunajua. Sikio lake la kushoto halisikie tangu ile siku timu ilifungwa, bwana yake akarudi nyumbani na hasira. Mikono ile ile!

Nikasimama, nikasema ile yote, mbele ya pasta.

Shemeji ya Maman Furaha akanivuta mpaka inje ya geti ya lupango: "Marehemu hasemwi vibaya! Toka!"

Ndiyo, hata mimi nilimushangilia yule muntu kwenye uwanja. Sasa ninyamaze kwa sababu ya ile? Ninyi mungenyamaza?

Maman Furaha akanifuata kwenye barabara, mikono mikavu, hajanawa. Nikamuomba pardon kwa kutoboa siri yake. Akanishika bega, akasema polepole:

"Sikio la kuume linasikia, mwanangu. Nilimusikia mara zote tatu."