Vifuko vya Amerikani

Katika miaka ya tisini nilikuwa natafuta nyasi zisizomwaga mbegu. Nyasi za malisho zina tabia mbaya: mbegu ikiiva tu inapukutika, na mkulima anabaki na masuke matupu. Baada ya misimu mingi ya kuchagua na kutupa, nilikuwa na mashina machache yaliyoshikilia mbegu zake. Yangepata chavua ya nyasi za jirani, jasho langu lote lingekwenda bure.

Nilihitaji mahali palipojitenga. Karibu na Oyugis nilipata mahali pamoja tu: gunda, yaani boma lililohamwa. Nyumba zilikuwa zimeanguka, lakini ua wa minyaa ulikuwa mrefu na mzito, upepo ukipita juu tu. Katikati palikuwa na kaburi la mama mwenye boma. Mkaza mwanawe, mjane aliyeuza maziwa sokoni, ndiye aliyeniruhusu.

"Panda tu, madam," aliniambia. "Lakini hapo mama ndio huanza. Kupanda, kuvuna, yeye kwanza. Ukimpita, hiyo ni chira, mkosi utakufuata."

"Si alishazikwa?"

"Sasa kuzikwa ndio nini?"

Nilicheka. Mimi ni mbishi tangu utotoni, nikapanda bila kumwomba mtu.

Masuke yalipokaribia kuiva niliyavika vifuko vya amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, na kuvifunga kwa uzi wa katani, nione kila shina linadondosha kiasi gani. Ukisimama langoni, vilionekana kama watu wadogo waliofunikwa nyuso.

Asubuhi moja nilikuta vifuko vya mstari wa kwanza, ulio karibu na kaburi, ni vitupu. Shina langu bora lilikuwa humo. Masuke yalikuwa yamepukuswa safi, kisha vifuko vikarudishwa na kufungwa. Ndege hafungi uzi. Na mafundo hayakuwa yangu. Mimi huacha kitanzi, haya yalikuwa yamekazwa maradufu. Umande ulikuwa haujakanyagwa. Niliogopa, na nikajichukia kwa kuogopa.

Nilikata uzi mmoja na fundo lake, nikamfuata mjane sokoni nikiwa nimefura. Alilitazama, akaweka chini kikombe cha kupimia maziwa.

"Hivi ndio mama alinifunza kufunga mbegu," alisema. "Sasa nimebaki mimi peke yangu mwenye anajua. Na mimi sijakanyaga huko tangu tuhame."

Nilivuna mistari iliyobaki haraka haraka, nikapeleka mbegu kwenye kituo chetu cha utafiti. Mvua ya masika ikavujia ghalani, mbegu zikashika ukungu, na nilipozipanda haikuota hata moja. Nililia mbele ya wenzangu bila haya.

Baadaye nilirudi gunda kung'oa vigingi vyangu. Ng'ombe walikuwa wamebomoa ua na kuyala mashina yangu hadi mizizi. Kaburi hawakuligusa. Juu yake nyasi zilikuwa zimeota kwa mistari, nafasi ikiwa ile ile niliyokuwa natumia, na masuke yalikuwa yameiva. Nilishika moja nikalitikisa kwa nguvu. Halikudondosha kitu.

Nilitoa kifuko mkobani. Kisha, mimi mbishi, nikapiga magoti, nikaomba ruhusa kwa Kijaluo changu kibovu, na nikangoja nijibiwe kabla ya kuchuma.