Matundu ya Mkokoteni

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa seremala katika karakana ya ushirika pale Bunda. Tulitengeneza mikokoteni ya ng'ombe, lakini sehemu ya chini tu: magurudumu, ekseli, mti wa kufungia nira na fremu ya mbao yenye matundu ya bolti. Ya juu tuliwaachia mafundi wa vijijini. Wenye pamba walipachika kuta ndefu za fito, wa Butiama mapipa ya maji, wa Kibara masanduku ya samaki.

Fundi mkuu wetu alikuwa mtu wa kuboresha. Fremu ikikaa vilevile msimu mzima alijiona mvivu. Kila akipata wazo, matundu yanahama.

Asubuhi moja fundi wa Kibara aliingia na sanduku kichwani, maji ya samaki yakimchuruzika shingoni. Kamba aliyofungia badala ya bolti ilikuwa imemkatikia karibu na soko.

"Ndugu, mmehamisha tena matundu?"

"Tumeyasogeza kidogo. Sasa fremu ina nguvu zaidi."

"Nguvu ya kubeba nini, kama sanduku halifungiki? Zamani tulikuwaga tunakaza bolti, tunaondoka. Leo sato nawabeba mwenyewe, ng'ombe wananiangalia!"

Fundi mkuu aliona aibu, na yeye akiona aibu hukasirika. "Haya! Kila mtu aje aseme anataka tundu wapi!"

Wakaja. Wenye pamba walitaka pembeni, wenye mapipa katikati, na katekista wa Kiriba akataka ya kufungia mabenchi ya kwaya. Mtoboaji nilikuwa mimi.

"Mzee," nikasema, "hapa mbao imekwisha, yamebaki matundu."

"Wananchi wameamua. Toboa."

Mkokoteni huo tuliujaribu kwenye barabara ya Butiama. Fundi mkuu alikaa mbele na mjeledi. Nyuma, juu ya magunia ya pamba, alikaa mwenyekiti wa kijiji akipungia watu. Mimi nilisema napenda kutembea.

Kwenye korongo la kwanza fremu ikalia kama kuni kavu. Ng'ombe wakaondoka na fundi mkuu juu ya kipande cha mbele, kikiburuzika vumbini. Mwenyekiti akabaki na magurudumu, mkono bado uko hewani. Ng'ombe, mzigo ukiwa umepungua, wakaongeza mwendo.

"Huko nyuma salama?" fundi mkuu akapaza sauti bila kugeuka.

"Nyuma ipi?" nikamjibu.

Baada ya hapo alimwita fundi wa Kibara, wakabishana uji ukiwa mbele yao mpaka ukapoa. Mwishowe walikubaliana: matundu machache, ya aina moja kwa wote. Tukayatoboa kwenye vipande vya bati, kila fundi akaenda na chake nyumbani awe anapimia. Anayetaka tundu jingine atoboe sanduku lake, si fremu yetu. Chini ya hapo, kwenye ekseli na magurudumu, fundi mkuu aboreshe apendavyo.

Ilimuuma. "Hata nikiota tundu zuri zaidi?"

"Liote," fundi wa Kibara akasema, "ila usilitoboe."

Msimu uliofuata tulialikwa harusi Kiriba. Bibi harusi aliletwa kanisani kwenye fremu yetu, juu ya mabenchi ya kwaya yaliyokazwa barabara. Wakati wa sala niligeuka kumtazama fundi mkuu, kiti chake kitupu. Alikuwa nje, amelala chali chini ya mkokoteni na suti yake, anagongagonga ekseli, uso unang'aa.