Udi wa Mwanapili

Bi Bushra alirudi na diski mkononi kabla ya adhuhuri, akapiga hodi moja tu na kuingia.

"Mwanapili, mbona bibi harusi ameganda?"

"Ameganda vipi?"

"Ameinua mkono aoneshe hina, hapo hapo kawa picha ya ukutani. Deki inanguruma, yeye hatikisiki. Na hii ni ya pili!"

Mwanapili aliipokea, akaielekeza dirishani. Diski iliyochomwa vizuri ina rangi mbili upande wa chini, na mpaka kati yake ni safi: palipoandikwa pameiva, pasipoandikwa pamebaki vilevile. Hii ilikuwa na mabaka, kama chapati iliyopikwa juu ya moto wa kuni mbichi.

"Diski zenyewe mbovu," alisema. "Siku hizi wanaleta takataka."

"Mimi nasafiri Jumamosi. Bi Tima ananingoja Mombasa kwa ajili ya hii tu. Ijumaa asubuhi nisipoipata, nampa Wafaa. Zake hata zina maua juu."

Hilo la maua lilimchoma Mwanapili kuliko lile la kuganda.

Mwanapili ni mzaliwa wa kisiwa cha Chovai, na tangu ngoma zilizokuwa zimekatazwa ziliporudi kusikika Kismayu ndiye aliyekuwa akipiga video za upande wa wanawake katika harusi za mtaani kwetu. Upande huo wanaume hawaingii, wala picha zake hawazioni, kwa kuwa vichwa viko wazi na watu wanacheza. Kwa hiyo hazitumwi kwa simu, maana simu hupita mikono mingi, wala hazipelekwi kwa vijana wa sokoni wenye mashine. Mwanamke hupiga, mwanamke huchoma, na mwanamke hubeba katika mkoba wake. Hivyo ndivyo harusi za kwetu zinavyowafikia jamaa waliotawanyika tangu vita. Na Bi Tima, aliyemlea bibi harusi huyu, Hanan, miguu imemkatalia safari. Asipoiona harusi ya mjukuu wake kwenye diski, hataiona.

Kwa miaka kadhaa hapakuwa na mwingine wa kazi hiyo. Kisha akaja Wafaa kutoka Mombasa, mdogo kwa umri, na kompyuta nyembamba na mashine inayochapa maua juu ya diski. Alikodi nyumba ya pili kutoka ile ya Mwanapili. Tangu hapo Mwanapili alijua ni viatu vya nani viko mlangoni kwa Wafaa. Akisikia vicheko vya huko, huzima feni ili asikie vizuri. Akiulizwa juu ya jirani yake husema, "Ni msichana mzuri," kisha hunyamaza kwa namna ambayo muulizaji huelewa.

Aliitafuta hitilafu kwa utaratibu. Alipunguza kasi ya kuchoma hadi ya chini kabisa. Alifunga kila kitu kingine kwenye kompyuta. Alingoja saa ambazo umeme hautetereki. Alifungua boksi jingine la diski, la kampuni nyingine, akazishika pembeni tu kama mtu anayeshika yai la moto. Diski ya kwanza iligoma nusu ya njia. Ya baadaye ikagoma mapema zaidi. Ya mwisho mashine iliitema kabla haijaanza.

Hapo akasadiki alichokuwa akikishuku tangu mwanzo. Wafaa aliwahi kuingia mle chumbani, akaitazama ile mashine ndogo ya kuchomea, akasema, "Kumbe nzuri hivi!" Basi, hakuongeza neno. Mtu hasifu kitu cha mwenzake bila kusema mashallah, ila awe mjinga au awe na lake. Tangu siku ile Mwanapili alikuwa akiifukiza. Kila asubuhi aliweka chetezo chini ya meza, akatia udi na ubani, akavuta kisahani cha mashine nje ili moshi uingie ndani kabisa. Sasa alizidisha, akafukiza kabla ya kila diski. Chumba kilinukia kama cha bibi harusi, na diski ziliendelea kufa.

Alhamisi alichukua diski tupu za boksi lake na harusi ya Hanan kwenye flashi, akaenda nyumba ya pili. Alijiambia anakwenda kuthibitisha kwamba diski ni mbovu. Zikigoma na kwa Wafaa, Bi Bushra hatakuwa na la kusema.

"Karibu, Da Mwanapili! Leo jua limechomoza wapi?"

"Nijaribie hii. Maua yako sitaki."

Wafaa akacheka, akaitia. Walikaa wakiangalia mstari ukisogea kwenye kompyuta. Mstari ulifika mwisho. Wafaa akaiweka kwenye deki, akapeleka mbele mpaka kwenye hina: Hanan akainua mkono, akaugeuza, akacheka, wala hakuganda.

"Diski zako nzima," alisema Wafaa. Akachukua nyingine, akainusa. "Lakini mbona zinanukia udi? Unafukiza diski?"

"Nafukiza nyumba. Wewe hufukizi?"

"Nyumba nafukiza. Mashine naifunika." Akasimama. "Twende nikaione."

Mwanapili hakutaka, lakini Wafaa alikuwa ameshavaa viatu. Wafaa alipofika akavuta kisahani cha mashine, akapitisha kidole pembeni ya lenzi. Kidole kilitoka na utando wa manjano, unaonata.

"Da Mwanapili, moshi huu umeingia vipi humu, kama si mtu kaupeleka kwa mkono?"

Mwanapili alikirudisha kisahani ndani.

"Ulikuwa unaifukizia nini?"

"Macho."

"Macho ya nani?"

Mwanapili alianza kukunja waya uliokuwa umekunjwa tayari. Wafaa alimtazama, akatazama chetezo, kisha akaketi kitandani bila kukaribishwa.

"Yangu? Ulinifukizia mimi? Wallahi, kama pepo!"

"Hukusema mashallah."

"Nilisahau! Nilikuwa naona wivu, nikasahau." Aliposikia alichokisema aliziba mdomo. "Haya, ndiyo. Wewe ukiingia na kamera watu wanacheza. Mimi nikiingia wanajifunika. Maua juu ya diski yanasaidia nini?"

Mwanapili aliuacha waya. Ilimpendeza kusikia, na ikamuudhi kwamba imempendeza.

Wafaa alimwambia anunue spiriti, achovye pamba, apanguse lenzi bila kubonyeza, akaondoka. Mwanapili alifanya hivyo mara tatu, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Chetezo alikipeleka jikoni. Kisha akachoma harusi ya Hanan upya, akaketi akaitazama yote bila kupeleka mbele, kutoka kuvishwa mpaka kuagwa. Ilicheza mpaka mwisho.

Sasa alikuwa na diski mbili nzima: ile ya mashine ya Wafaa na yake. Angeweza kuibakisha ya Wafaa. Aliiweka kwenye droo, akaitoa, akairudisha. Ya kwake akaiandika kwa kalamu nzito, *Harusi ya Hanan*, kwa mwandiko wake mzuri. Kisha akawaza: je, kama deki ya Bi Tima itaikataa yangu? Mzee yule atakaa na kioo cheusi, na aliyekosa ni nani? Akazitia zote mbili kwenye bahasha moja, ile ya Wafaa nyuma, bila maandishi.

"Mbona mbili?" aliuliza Bi Bushra.

"Tahadhari."

Baada ya wiki Bi Bushra alipiga simu kutoka Mombasa. Sauti yake ilikuwa laini.

"Mwanapili, Mungu akulipe. Bi Tima ameiona. Amelia, amecheka, ameimba na wale wanawake. Amekataa mtu kuizima."

"Alhamdulillahi. Alitia ipi?"

"Ipi nini?"

"Diski. Yenye maandishi, au ile isiyo nayo?"

"Sijui, dada. Ametia mwenyewe."

"Si unitazamie kwenye deki? Iko ndani bado?"

"Mwanapili, nakwambia ajuza ameiona harusi ya mjukuu wake!"

"Nimesikia. Mashallah." Akashusha sauti, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi upande wa nyumba ya pili. "Ila hebu nitazamie, Bi Bushra. Mimi nangoja hapa hapa kwenye simu."