Mwizi Aliyeacha Mpira Ufaransa

Kaka yangu ndiye mtu pekee Nairobi niliyewahi kumwona akiitwa mwizi na umati mzima, naye akainua mkono kushukuru.

Raga yetu ya hapa, mtu akiangushwa akiwa na mpira, wapinzani wanaruhusiwa kuupokonya pale pale chini, mradi wamesimama kwa miguu yao. Kaka alikuwa fundi wa hiyo kazi. Mtu anaanguka, kaka anainama, mpira umeenda. Sisi kando ya uwanja tunapiga nduru: "Mwizi! Mwizi!" Siku moja hapa uwanja wa Jamhuri mtu wa bodaboda alisimamisha pikipiki, akaokota jiwe, akauliza, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha. Akayatazama yale mapaja ya kaka, akaliweka jiwe chini polepole, akasema kuna mteja anamngoja Kileleshwa.

Halafu klabu moja ya Ufaransa ikamwita kumjaribu. Ni raga nyingine, ile ya watu kumi na watatu, ligi ya daraja la pili. Mimi tayari nilikuwa nimemchagulia gari la kurudi nalo. Kumbe huko daraja la pili mpira haukulishi, unakuonjesha tu. Kila mchezaji ana kazi yake. Jitu lao la mstari wa mbele linaoka mikate, nahodha anazibua mabomba, na kaka, aliyekuwa baunsa Westlands, akapewa kazi kwenye ghala la matofaa.

"Umetoka kurusha walevi nje, sasa unabembeleza matunda?" nikamuuliza kwa simu.

"Matunda hayatapiki kwa viatu vyangu," akajibu.

Lakini alikuwa na shida, na haikuwa matofaa. Kwenye raga ya huko, ukishaangushwa, watu wanakuachia. Unasimama, unaurudisha mpira nyuma kwa mguu, mwenzako anauokota, mchezo unaendelea. Kuupokonya pale chini ni penalti. Kaka alijua hivyo kichwani. Mikono ndiyo ilikuwa haijapata habari. Kila mechi aliiba, kila mechi akapigiwa filimbi. Mwishowe kocha akamwambia bila kuzunguka: Jumapili hii ukirudia, unarudi kwenu.

Mama hakulala vizuri wiki hiyo. Kanisa zima lilikuwa limemwekea kaka mikono mbele ya madhabahu kama mmishenari. Sasa arudi aseme nini, kwamba ameshindwa kuacha kuiba?

Jumapili tulitoka ibadani mbio, tukaegemeza simu kwenye thamosi ya chai. Mtu wa klabu yao alikuwa akirusha mechi kwa simu yake, bila mtangazaji. Hiyo kazi nikaichukua mimi.

"Mabibi na mabwana, tunawajia moja kwa moja kutoka shambani kwa mtu!" Kwa sababu nyuma ya milingoti kulikuwa na mizabibu, na mashabiki walikuwa wazee wenye miavuli na mbwa mmoja.

"We, nyamaza tuone mtoto," Mama akasema.

Sikunyamaza. Kilichoninyamazisha ni ile mechi. Simu yetu spika yake imepasuka, lakini miili ilipogongana nilisikia mpaka kwenye meno. Na hakukuwa na kupumua! Mtu anaangushwa, anainuka, anarudisha mpira, mwingine anabeba, naye anaangushwa. Yule mwoka mikate alikimbia kama ukuta uliokosewa heshima. Watu watatu wakamrukia, akawaburuta kwenye matope, akaanguka, akainuka kana kwamba ameangusha kijiko tu. Na kesho alfajiri alitakiwa kukanda unga! Nikamtafutia mzaha, nikakosa. Mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Karibu na mwisho, timu ya kaka ikiongoza kidogo, wapinzani walifika karibu kabisa na mstari. Kaka na nahodha wakamwangusha mbebaji. Refa akapaza sauti: ameshikwa, mwachieni. Kaka akasimama, na mpira ulikuwa pale chini ya pua yake, umeshikwa kwa mkono mmoja uliochoka. Nimemwona akiiba mipira migumu zaidi ya huo akiwa na mafua.

Mama, ambaye maisha yake yote amelichukia lile jina, akaruka kwenye kochi:

"Mwizi! Chukua! Si uko hapo tu!"

Niliona mikono ikiteremka. Naapa niliiona. Nusu ya njia ikasimama, vidole vimefunguka, kama mikono ya mtu aliyekumbuka chungu bado ni cha moto. Halafu kaka akairudisha, akaikunja kifuani, akapiga hatua nyuma. Mbebaji akainuka na kurudisha mpira kwa mguu. Aliyeuokota akakimbia moja kwa moja kifuani kwa kaka, na hapo safari yake ikaishia. Filimbi ya mwisho ikalia.

"Lakini mbona aliuacha?" Mama akauliza. Nikamwambia huko hiyo ni penalti.

Kaka akapiga simu ya video baadaye, matope mpaka kwenye nyusi, nyuma yake watu wanaimba vibaya sana.

"Kocha amesema nibaki. Mliona?"

Mama alikuwa tayari ameanza pambio, kwa hiyo nikajibu mimi.

"Niliona, bro. Sijawahi kuona mtu akiacha kitu hivyo."

Akangoja nimalizie na mzaha, kama kawaida yangu. Nikamwinulia mkono, kama yeye alivyokuwa akituinulia Jamhuri.