Chaki Kifuani

Kwa miaka ishirini na miwili Fundi alipima vifua vya wanawake wa mtaa mzima, ila cha kwake hakuwahi kukitazama mara mbili. Siku alipogusa kivimbe kwenye titi la kushoto, kidogo kama kifungo cha shati, alinyamaza nacho miezi mitatu. Dada yake mkubwa alianza hivyo hivyo, naye sasa ni marehemu.

Wifi yake ndiye aliyemng'oa kwenye cherehani. Alikuwa amesikia kwamba hospitali ya serikali inapima matiti bure kila Jumanne.

"Wifi, nina magauni sita ya watu."

"Magauni hayaozi. Vaa viatu."

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa amekizungushia kivimbe duara la chaki, kama anavyoweka alama kwenye kitambaa, daktari asihangaike kukitafuta. Lakini kwenye chumba cha kuvulia nguo aibu ilimshika, akalifuta kwa kiganja. Mpiga picha za eksirei ya matiti alipomuuliza kama amejipaka poda au mafuta, alijibu hapana, wala hakuona kwamba amedanganya.

Walikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Kisha namba yake ikaitwa tena.

"Mama, tunarudia picha. Tumeona vidoa vyeupe."

Wifi akamshika mkono mpaka ndani.

Mpiga picha, mama wa makamo, alipitisha kidole chini ya titi, akakitazama. "Hii nini?"

"Chaki ya kushonea."

"Si nilikuuliza?"

"Uliuliza poda, dada."

Nyuma ya pazia wifi aliangua kicheko. "Huyu hata sanda yake ataikata mwenyewe!"

Alipanguswa kwa kitambaa chenye maji, picha ikarudiwa, vidoa havikuwepo. Kikabaki kivimbe. Kwenye chumba cha pili daktari alikipitishia kifaa chenye ute wa baridi, macho kwenye skrini.

"Ni kifuko cha maji tu. Si saratani. Rudi baada ya miezi sita tukiangalie."

"Sema tena, daktari."

Akasema tena. Fundi alishusha pumzi kama mtu aliyefunguliwa gauni lililombana tangu asubuhi. Kisha akalia kidogo, kwa ajili ya dada yake, ambaye hakuna aliyemkokota hospitali.

Muuguzi alipomwandikia tarehe ya kurudi, Fundi aliomba kadi nyingine.

"Ya nani?" wifi aliuliza huku akicheka.

"Yako. Foleni ile pale."

Wifi aliacha kucheka.