Kiporo cha Watu Wawili

Majirani walimpachika jina Profesa wa Kiporo, na wala hakukasirika. Alikuwa mshonaji, akishona magauni kwa cherehani ya kukodi kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, lakini sifa zake zilitoka jikoni. Mpe wali wa jana, karoti mbili zilizonyauka na kipande cha kabichi ambacho wewe ungewatupia kuku, kisha kaa pembeni umwone.

Hakuwa mchoyo wa ujuzi wake. Alimwambia kila aliyeuliza. Wali unaobaki jioni unatandazwa kwenye sinia upoe upesi, unafunikwa, unaingia kwenye friji ya mama mwenye nyumba, aliyemwachia kona moja. Asubuhi aliuchambua kwa vidole vilivyolowa maji mpaka kila punje isimame peke yake. Wali mpya ukiukaanga unageuka uji, alisema. Wa jana ndio wenye adabu. Kitunguu kwanza, kisha moyo wa kabichi uliokatwa mwembamba kwa sababu ni mgumu, karoti, mchicha, halafu wali. Siku nyingine aliuponda na yai na karoti zilizokunwa, akafinyanga keki ndogo na kuzikaanga. Wali ukianza kunuka uchachu aliumwaga bila huruma, maana kubana matumizi si kujitia sumu.

Kiporo chenyewe kilikuwa mapatano. Mwanzoni mwa mwaka yeye na mumewe, fundi seremala, walikubaliana kujifunga kibwebwe. Nyama wangeisikia harufu kwa jirani, hotelini wasingekanyaga, wote wawili wangekula chungu kimoja, mpaka ipatikane cherehani ya mshonaji mwenyewe. Mume ndiye aliyetoa wazo. Ndiye pia aliyetunza akiba, maana mke alijijua: akiona kitambaa kizuri mkono unamwasha.

Basi kila asubuhi akamfungia bakuli. Yai likiwa moja lilikwenda kwa mume, kwa kuwa kuranda mbao si mchezo. Yeye alibaki na ukoko. Jioni bakuli lilirudi tupu, na mume alimsifu mpaka akaona haya. Zaidi ya hayo, alinenepa. Mashavu yakajaa, mkanda ukahamia tundu jingine, na mshonaji akawatambia majirani kwamba kiporo cha mkono wake kinanenepesha kuliko nyama. Walicheka, naye akacheka. Maskini, hakujua anajitangazia nini.

Siku moja alisahau kumwekea pilipili. Mteja alipoahirisha kupima gauni, akapata nafasi mchana, akachukua kichupa na kwenda karakana, moyo mweupe. Getini, juu ya kreti lililopinduliwa, mlinzi alikuwa anakula. Mshonaji alilitambua bakuli kabla hajamtambua mtu.

Mlinzi alipomwona alisimama kwa heshima, akafuta mkono kwenye suruali.

"Shemeji, Mungu akuzidishie," alisema. "Fundi ameniambia unanipikia mimi makusudi, kwa sababu niko mbali na familia. Zile keki za juzi, we acha tu."

Hakuwa na kosa, yule. Alishukuru kwa moyo wake wote, na kila neno la shukrani likamchoma mshonaji. Akauliza fundi yuko wapi. Mlinzi akaelekeza ng'ambo ya barabara kwa kijiko.

Chini ya paa la mabati mumewe alikuwa amekaa na maseremala wenzake, mbele yake wali wa moto unaofuka mvuke na paja la kuku. Alikula taratibu, kama mtu aliyezoea. Mshonaji aliingia, akasimama kando ya meza. Mpishi wa pale, mwanamke mcheshi, akapaza sauti kutoka mekoni.

"Mzee wa Paja, mgeni wako naye tumpe nini?"

Jina la utani halipatikani kwa siku moja. Hilo ndilo lililomkata maini. Wale wenzake waliinamia sahani zao. Walijua, wote walijua, na ni yeye peke yake aliyekuwa akivishwa kilemba cha ukoka kila jioni. Akaweka kichupa mezani, akasema nilisahau kukuwekea pilipili, akaondoka.

Mume alirudi mapema siku hiyo, bakuli mkononi. Alianzia mbali, mara kazi nyingi, mara jua kali. Mwishowe akasema lililokuwa moyoni.

"Chakula chako kitamu, mke wangu, sikudanganyi. Lakini wenzangu walinicheka, kila siku kiporo. Mwanamume ana haya zake."

"Na cherehani?"

Mume alitazama sakafu. Akasema wataanza upya, mwezi ujao, Mungu akijalia.

Mshonaji hakulia. Cherehani ilimuuma, lakini si hiyo iliyomuuma zaidi. Alikumbuka adhuhuri zote alizokaa kibarazani na ukoko wake, akijiambia kwamba huko karakana naye anatafuna hivi hivi, kwamba wako pamoja. Ndivyo ukoko ulivyokuwa ukishuka.

"Miezi yote hii," alimwuliza, "nilikuwa nakula kiporo na nani?"

Mshonaji aliinuka, akaosha mchele kiasi cha mtu mmoja, akaubandika jikoni. Ulipoiva alipakua sahani moja, akakaa mbele ya mumewe, akala wali wa leo, wa moto, mpaka sufuria ikabaki tupu. Asubuhi hapakuwa na kitu cha kutia bakulini.