Siku kilemba cha Jumbe kilipopimwa kama wavu wa uduvi

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, maana humu jukwaani sidhani kama wapo watatu walionizidi umri.

Wiki hii kuna memba kalalamika kwamba wananchi hatushirikishwi kwenye kanuni za uvuvi. Nilicheka hadi mjukuu akaja kuangalia kama nimepaliwa. Kanuni ya kwanza ya uvuvi kijijini kwetu niliiandika mimi.

Ninayosema ni kweli tupu. Mashahidi wote wameshatangulia, kwa hiyo hamna budi kuniamini.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Kijiji chetu kiko pwani, kaskazini ya Tanga mjini, ukishika njia ya Horohoro. Nilikuwa nasoma chuo kikuu Uganda, mtu pekee wa kijiji aliyefika huko, na nilihakikisha hakuna anayesahau. Nilikuwa navaa tai kwenda kisimani.

Likizo moja Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita mzungu wa uvuvi, akanichukua niwe mkalimani wake. Alitaka kuzuia nyavu za tundu dogo zinazozoa vitoto vya samaki. Akaitisha baraza.

Wakaja wanaume. Nyavu zao zote zilikuwa za tundu kubwa, kwa hiyo wakaunga mkono kwa makofi, Jumbe wetu, mkuu wa kijiji, akiwa wa kwanza.

Nikapewa kazi ya kuandika tangazo kwa Kiswahili. Bwana Samaki alitaja kitu kimoja tu: wavu. Mimi nikaona neno moja ni aibu kwa msomi. Nikaandika: "Wavu, kitambaa, au kitu chochote kiwezacho kuvua, ambacho tundu lake halipitishi vidole viwili, kitachukuliwa."

Nililisoma mara nne. Nililipenda sana.

Sasa, kwa wasioijua pwani yetu: wanawake hutanda uduvi, vile vikamba vidogo kama vipande vya kucha. Wawili wanashika kitambaa, huyu huku na huyu kule, wanatembea nacho kwenye maji ya magotini. Kitambaa hicho ndicho tandio.

Hakuna aliyewaita barazani.

Siku ya tatu Jumbe akachukua tandio la kwanza, akalifungia ofisini kwake. Lilikuwa la shangazi yangu, mjane, ambaye uduvi wake ndio ulionisomesha.

Shangazi akanijia na tangazo mkononi, kalibandua ukutani. Hakujua kusoma, nikamsomea.

"Neno kitambaa kalitia nani?"

Nikakohoa.

"Mwanangu, miaka yote ile nimekusomesha uje kunipokonya tandio?"

"Tutarekebisha, Shangazi."

"Lini? Bamvua hilo linakuja, maji yatatoka mpaka kule, uduvi tele. Likipita nitakula nini? Hiyo tai yako?"

Nikambembeleza Bwana Samaki, akaitisha baraza la pili. Safari hii wanawake wakajaa, kila mmoja na kanga yake nzuri. Shangazi akamwamkia Jumbe kwa adabu zote, kisha akanigeukia.

"Nifasirie. Mwambie Bwana apime kanga hii. Vidole viwili vinapita?"

Bwana Samaki alikuwa mtu makini. Akajaribu kweli. Havikupita.

"Basi sote hapa tumejifunga haramu. Tukamateni."

"Wee mwanamke!" Jumbe akasema. "Hiyo nguo, haivui kitu!"

"Na kilemba chako?"

"Kilemba ni heshima!"

"Tangazo linasema kitu chochote kiwezacho kuvua. Hebu tukijaribu tuone."

Nilifasiri kwa sauti ndogo nikitumaini Bwana Samaki hatasikia. Alisikia, akaangua kicheko. Nadhani alikuwa hajacheka tangu apande meli kwao. Akasema twende pwani, wote.

Jumbe alishika kichwa kwa mikono miwili. Lakini angeikwepaje mbele ya mzungu sheria aliyoipigia makofi? Kilemba kikafunguliwa. Kilikuwa kirefu, wakuu! Kilifunguliwa, kikafunguliwa, nikadhani tutafika Pemba.

Shangazi na jirani yake wakakitanda hatua kama ishirini hivi. Wakarudi na uduvi wa kujaza bakuli, na kaa mmoja mwenye hasira.

"Kimevua," akasema Shangazi. "Kichukueni."

"Kilemba si wavu!" Jumbe akapiga kelele. "Ni mpumbavu gani kaandika sheria hii?"

Pwani nzima ikaniangalia. Nikarekebisha tai.

Bwana Samaki alipomaliza kufuta machozi, akauliza swali lililopaswa kuulizwa mwanzo: je, wakitanda hivyo kila siku, uduvi hautakwisha?

"Ukiwa na mayai hatutandi," Shangazi akajibu. "Hata bibi yangu hakutanda. Tunangoja."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tukaseme wapi?"

Nilipofasiri hilo, Bwana Samaki hakucheka. Alitoa kalamu, akalikata neno langu kitambaa, akakata na kitu chochote. Tandio ruhusa, isipokuwa msimu wa mayai, na wanawake wenyewe wasimamie, Shangazi akiwa mkubwa wao. Tandio lake akarudishiwa siku hiyohiyo, bamvua likiwa bado siku mbili.

Funzo nililopata ni fupi kuliko tangazo langu: ukitaka kuandika sheria ya bahari, anza kwa walioloa.

Ila msidhani kuulizana kunamaliza ugomvi. Msimu wa mayai ulipofika, wa kwanza kukamatwa akitanda alikuwa mke mdogo wa Jumbe. Jioni ile Jumbe mwenyewe akaja barazani kwetu, anatweta.

"Sheria gani hii? Mbona mimi sikuulizwa?"

Alikuwepo, wakuu. Tulipokuwa tunaipitisha yeye alikuwa anakamua kilemba.

Shangazi akamvutia kiti.

"Kaa, Jumbe. Sema, nakusikiliza."

Nanyi huko kwenu, ziwani na baharini, nani aliitwa na nani alisahauliwa? Leteni visa vyenu hapa chini. Matusi hapana, kukosoa Kiswahili changu ruksa.